Kifungu 504: sheria iliyolala miaka 4, na watu walioiamsha



Mwaka 2023, miezi michache kisha kupata lisansi yangu ya agronomia, niliitwa kufanya mutihani wa kazi ku shirika moja hapa Bukavu. Walikuwa wanatafuta mutu wa kufuata wakulima wa muhogo na maharagwe kwenye milima. Tulikuwa karibu watu 40 siku ile. Kati yetu kulikuwa mwenzangu mumoja wa promosheni. Tulisoma pamoja miaka yote. Yeye anatembelea magongo tangu utoto, juu ya polio. Ku chuo, mbele ya kufika mu oditwari yetu, kulikuwa ngazi nyingi, lakini tulizoea kumukuta ameisha kukaa, sababu alikuwa anatoka nyumbani saa nzima mbele ya sisi wengine.

Matokeo ya mutihani wa kuandika yakatoka: yeye wa kwanza, mimi wa tatu. Tukaitwa watu watatu kwa mahojiano. Yeye aliingia, na kisha dakika kidogo akatoka. Nikamuuliza, "Vipi?" Akacheka kidogo tu, akasema: "Wameangalia magongo, hawakuangalia karatasi. Eti milima sitaiweza."

Kazi nikapewa mimi. Nikasaini, nikanyamaza.

Mu moyo wangu nilikuwa najitetea: kazi iko ya pikipiki, milima iko mikali, huo ni ukweli. Lakini huyo mwenzangu aliandika memwari yake juu ya mnyauko wa migomba, na kwa kuiandika alizunguka mashamba ya Kabare msimu muzima. Mimi nilijua. Wale waliomuhoji hawakumuuliza alifanya namna gani. Na mimi sikuwaambia.

Kitu kilichoniuma zaidi nilikijua nyuma. Ile siku, sheria ya kumulinda ilikuwa tayari. Sheria ya organike namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mutu mwenye ulemavu ilitoka tarehe 3 Mei 2022. Mimi sikuijua, yeye hakuijua, na nadhani hata wale waliokaa nyuma ya meza hawakuijua. Hapo njo nilianza kusoma historia, juu nilitaka kuelewa kitu kimoja: namna gani sheria inaweza kuwepo, na wakati huohuo ikawa kama haipo? Jibu nililipata mbali na Bukavu. Nililipata San Francisco, Marekani, mwaka 1977.

Sentensi moja mu sheria ndefu

Mwaka 1973 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia watu wenye ulemavu kujifunza kazi na kurudi kwenye maisha ya kawaida. Prezida Nixon alikuwa ameikataa mara mbili mbele, akisema itakula pesa nyingi. Mwisho akaisaini tarehe 26 Septemba 1973. Sehemu kubwa ya sheria ile ilihusu bajeti na masomo ya kazi. Lakini mwisho kabisa kulikuwa kifungu kifupi, namba 504. Kilisema hivi kwa kifupi: mutu mwenye uwezo wa kufanya jambo hatanyimwa nafasi, wala kuondolewa, wala kubaguliwa, juu tu ya ulemavu wake, fasi yoyote inayopokea pesa ya serikali kuu.

Wabunge wengi hawakutambua walichopitisha. Wafanyakazi wa seneti waliochukua ile kalamu waliiga maneno ya sheria ya haki za raia ya 1964, ile waliyoipigania watu weusi wa Marekani. Hakukuwa mabishano makubwa, na hakuna mutu aliyehesabu itagharimu nini. Lakini mawazo mupya yalikuwa yameingia mu sheria. Mpaka hapo, mutu mwenye ulemavu alihesabiwa kama mutu wa kuponywa ao wa kuonewa huruma. Kama ameshindwa kuingia mu nyumba, shida ilikuwa miguu yake. Kifungu 504 kilisema shida inaweza kuwa ngazi.

Basi, sheria ikatoka, ikakaa. Kusudi ianze kufanya kazi, wizara ya afya, masomo na maisha bora ilipaswa kuandika kanuni za utekelezaji: ubaguzi ni nini hasa? Shule inapaswa kufanya nini? Hospitali je? Mutu akibaguliwa, ashitaki wapi? Bila kanuni hizo, hakuna aliyelazimishwa kitu. Mwaka 1974 ukapita, 1975 ukapita. Mwaka 1976 mahakama ya Washington ikaamuru wizara iandike kanuni. Ziliandikwa, lakini waziri wa wakati ule hakusaini mpaka serikali yake ikaisha. Mwezi wa Januari 1977 akaingia prezida Carter, na waziri mupya, Joseph Califano. Yeye naye akasema anahitaji muda wa kusoma upya.

Sisi wa kilimo tunajua hii hali. Mbegu iko mu gunia, imepimwa, imekubaliwa, hata karatasi ya uthibitisho iko. Lakini gunia liko mu depo, na msimu unapita. Mukulima hali mbegu ya depo.

Watu wenye ulemavu walikuwa na sababu ya kuogopa ule "muda wa kusoma upya". Habari zilikuwa zimetoka kwamba wizara inataka kubadilisha kanuni: kupunguza wanaolindwa, kuruhusu masomo ya pembeni kwa watoto wenye ulemavu. Ile lugha ya "mbali mbali lakini sawa", ambayo watu weusi walikuwa wameipinga mu mahakama mpaka wakashinda mwaka 1954, ilikuwa inarudi kupitia mulango wa nyuma.

Judy alikuwa nani

Lazima nieleze kidogo juu ya mwanamuke mumoja, Judy Heumann. Alizaliwa 1947, akakulia Brooklyn, New York. Polio ilimushika mbele hajafikisha miaka 2. Mama yake alipomupeleka kuanza masomo, mukubwa wa shule alimukataa, eti kiti chake cha magurudumu kinaweza kuzuia watu kama moto ukiwaka. Judy alisoma, akamaliza chuo, akaomba ruhusa ya kufundisha. Mwaka 1970 ofisi ya New York ikamunyima: aliweza mutihani wa kuandika, aliweza wa kuongea, lakini ku mutihani wa afya wakasema hatembei. Alishitaki, akashinda, akawa mwalimu wa kwanza mwenye kiti cha magurudumu mu shule za muji ule.

Niliposoma hiyo, nilisimama kidogo. Mutihani wa kuandika ameuweza. Kisha wanaangalia miguu. Miaka zaidi ya 50 na bahari nzima kati yetu, lakini mahojiano ni yaleyale.

Kisha Judy alihamia Berkeley, karibu na San Francisco. Pale mwenzake Ed Roberts, aliyekuwa analala ndani ya mashine ya kumusaidia kupumua, aliingia chuo kikuu mwaka 1962 hata kama wakubwa hawakutaka. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifungua kituo kilichoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1977 San Francisco haikuanza na hasira tupu. Kulikuwa miaka ya kujipanga nyuma yake.

Siku 25 ndani ya nyumba ya serikali

Umoja wa mashirika ya watu wenye ulemavu, ulioongozwa na Frank Bowe, mwanaume kiziwi, ulimupa waziri Califano mpaka tarehe 4 Aprili 1977. Hakusaini. Kesho yake, tarehe 5 Aprili, watu wakakusanyika mbele ya ofisi za ile wizara mu miji mingi ya Marekani. Mu Washington waliingia, lakini walikatazwa kuletewa chakula, na kisha siku moja na kitu wakatoka. Mu miji mingine pia ikaisha haraka.

San Francisco haikuisha. Watu zaidi ya 100 waliingia mu nyumba ya serikali, orofa ya 4, wakasema hawatoki mpaka waziri asaini kanuni bila kubadilisha neno. Kati yao kulikuwa wa viti vya magurudumu, vipofu, viziwi, watu wenye ulemavu wa akili, na wenzao wazima.

Tufikiri kidogo maana yake. Kuna waliokuwa hawawezi kujigeuza usiku bila mutu wa kuwasaidia. Kuna waliohitaji dawa ya kukaa mu baridi, na hakukuwa frigo. Wakafunga sanduku ku mashine ya hewa baridi, ikawa frigo yao. Wengi walilala chini. Simu zilipokatwa, viziwi wakasimama ku dirisha na kuongea na wenzao wa inje kwa lugha ya alama. Kile serikali ilikuwa inakiita upungufu ndicho kilibaki njia ya kutoa habari.

Na hawakuwa peke yao. Kitty Cone, mwanamuke mwenye ugonjwa wa misuli, ndiye alipanga sana upande wa kutafuta marafiki: makanisa, sendika za wafanyakazi, vikundi vya haki za raia. Chama cha Black Panther, ambacho mumoja wa watu wake, Brad Lomax, alikuwa ndani na kiti chake cha magurudumu, kilileta chakula cha moto kila siku. Meya wa muji alituma magodoro. Tarehe 15 Aprili wabunge wawili walikuja kusikiliza watu humo ndani. Mujumbe wa wizara alipoleta ile lugha ya masomo ya pembeni, Judy alimujibu na machozi na hasira, na picha zake zikazunguka.

Kisha wakatuma wajumbe mpaka Washington. Kule sendika ya mafundi wa mashine iliwakodishia kamiyo, juu magari ya kawaida hayakuweza kubeba viti vyao. Walienda mpaka mbele ya nyumba ya waziri kwake, usiku, wakawasha mishumaa.

Tarehe 28 Aprili 1977 Califano akasaini, bila ile mabadiliko waliyoogopa. Watu walitoka mu ile nyumba tarehe 30 Aprili, wakiimba. Zilikuwa zimepita siku 25. Kwa muda mrefu hakuna watu waliowahi kushika nyumba ya serikali ya Marekani namna ile kwa amani.

Kanuni zilisema nini, na hazikusema nini

Hapa ningependa tusome polepole, sababu watu wengi wanafikiri sheria kama hii inalazimisha kumupa kazi mutu asiyeiweza. Hapana.

Kanuni zilisema mwenye kazi anapaswa kuangalia kwanza kazi yenyewe: ni nini hasa cha lazima? Kisha anauliza: mutu huyu, akipewa marekebisho ya kadiri, anaweza kufanya hicho cha lazima? Marekebisho ni kama kuhamisha ofisi chini, kubadilisha saa, kutoa kifaa, kugawanya kazi ndogo upya. Kama marekebisho yanazidi uwezo wa shirika, linaweza kukataa, lakini lazima lionyeshe namna gani yanazidi. Nyumba mupya zijengwe za kuingilika. Mutoto mwenye ulemavu apate masomo ya bure yanayomufaa.

Na mipaka ilikuwepo. Mwaka 1979 mahakama kuu ya Marekani ilihukumu kesi ya mwanamuke aliyesikia vibaya, aliyetaka kusomea uuguzi. Alishindwa. Mahakama ilisema chuo hakilazimishwi kubadilisha msingi wa programu yake. Wengi walihuzunika. Lakini hata ile kesi ilionyesha kitu: swali lilijadiliwa mbele ya majaji, kwa hoja na ushahidi. Halikuisha mu dakika kidogo nyuma ya mulango.

Tena kifungu 504 kiligusa paka fasi zenye pesa ya serikali kuu. Dukani, restora, kampuni za watu binafsi zilibaki inje. Ilihitaji miaka mingine 13. Mwezi wa Machi 1990, watu waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za bunge kule Washington, wakapanda kwa mikono na magoti. Tarehe 26 Julai 1990 prezida Bush akasaini sheria kubwa ya watu wenye ulemavu, iliyogusa hata waajiri binafsi. Kutoka hapo mawazo yakaenda mbali, mpaka mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006.

Na sisi Kongo?

Kwetu historia ina njia yake. Tangu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, watu wenye ulemavu wa Kinshasa walipata nafuu ku mashua ya kuvuka muto mpaka Brazzaville: bei ya chini, na douane kuwaachilia kidogo. Wengi wakawa wafanyabiashara wa Beach Ngobila, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Ni historia ya akili na nguvu, tuiheshimu. Lakini ule ulikuwa upendeleo. Mukubwa anayekupa upendeleo leo anaweza kuuondoa kesho, na wewe huna fasi ya kushitaki.

Haki ilikuja kuandikwa mu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 49 kinasema muzee na mutu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na serikali ina lazima ya kusukuma uwepo wa watu wenye ulemavu mu taasisi za inchi, za provensi na za chini. Kinamaliza kwa kusema sheria ya organike itaonyesha namna ya kutekeleza. Mwaka 2015 inchi yetu ikaingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 ikaundwa wizara ndogo ya kuwahusu, ikapewa Irène Esambo, mwanasheria ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu. Na ile sheria ya organike iliyoahidiwa 2006 ikatoka 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 16.

Wamarekani walikasirika kwa kungoja miaka 4.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Ule mkataba wa Umoja wa Mataifa, Marekani iliusaini mwaka 2009, lakini tarehe 4 Desemba 2012 seneti yao ikashindwa kuuthibitisha: kura 61 zilikubali, 38 zikakataa, na ilihitajika theluthi mbili. Kongo tuko ndani, wao wako inje. Kwa karatasi tumewapita. Lakini nenda uangalie ofisi ya komini yako, masomo ya kwenu, banki yenu, kisha uniambie mutu wa kiti cha magurudumu anaingilia wapi.

Ndiyo maana nasema somo la 1977 ni letu pia. Sheria haiamki yenyewe. Inaamshwa na watu inaowahusu, wakisaidiwa na wenzao ambao haiwahusu moja kwa moja. Wale waliobeba chakula kila siku hawakuwa na faida yao pale. Na wale waliokaa ndani hawakuomba huruma. Walisoma kifungu, wakajua tarehe, wakajua nani anapaswa kusaini, wakakaa mbele ya mulango wake.

Wazee wanasema: hujafa hujaumbika. Ni kweli, na barabara zetu na vita vyetu vinatuonyesha kila siku. Lakini mimi sitaki tumutetee mwenzetu paka kwa kuogopa kesho yetu. Tumutetee sababu alikuwa wa kwanza ku mutihani.

Mwaka jana nilienda kumutembelea. Ana pepinieri ya avoka na kahawa karibu na kwao, miche mingi, safi kabisa, na vijana wawili wanamusaidia. Nilimuomba musamaha. Alimwagilia musitari muzima mbele ya kunijibu. Kisha akasema: "Siku ile ungewauliza tu swali moja: Kabare alifikaje? Mimi ningejibu."

Nilikuwa nimemupelekea ile sheria, nimeitoa ku karatasi. Alikaa ku kiti, akaweka magongo pembeni, akaisoma pole pole na bic mukononi. Kwenye ukurasa wa kazi akachora musitari. Akaniuliza kama naweza kumutolea nakala zingine 10, juu kuna wenzake wanaokutana kila Jumapili kisha misa.

Nakala 10 nimezitoa. Na ku kazi yangu, wiki ile nyingine, tulikuwa tunaandika tangazo la kutafuta agronome mupya. Mu orodha ya masharti mutu alikuwa ameisha kuandika: "awe na afya kamili ya mwili." Niliuliza kwa sauti: kazi hii ya lazima ni nini hasa? Tulibishana karibu saa moja. Yale maneno tuliyafuta.